Jina Nililoliacha Liandikwe

Nilistaafu ualimu nikiwa na magoti mabovu, sauti ya kukaripia, na Kiingereza kilichobaki kichwani kwa ubishi tu. Miaka yangu mingi nilifundisha darasa la kwanza hapa Handeni. Watoto wa Kizigua, wa Kisambaa, wa Kimasai, wote walinijia na kamasi zao na lugha zao za nyumbani, na wote tulielewana. Kwa hiyo shirika moja la haki za binadamu kutoka nje lilipotafuta mkalimani wa Kizigua, awe mwanamke na awe mtu mzima, watu wa ofisi ya elimu wakawaelekeza kwangu, pale nyuma ya soko. Wakaja na gari lao jeupe mpaka mlangoni. Majirani wakachungulia. Nisiwe mwongo, siku hiyo nilijiona mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Huku kwetu wapo watu ambao wajinga wa mjini wanawaita Wasomali. Wenyewe wakisikia hivyo wanakasirika, na mimi nakasirika pamoja nao, maana ni Wazigua kama mimi. Mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka nchi hii hii, wakapelekwa Somalia, wakaponyoka huko wakalima kando ya Mto Juba, kizazi baada ya kizazi, na lugha hawakuitupa. Vita vilipowaka kule wakakimbia, wakaja zao mpaka Handeni, wakasema tumerudi kwetu. Wakapewa mashamba, wengi wao kijiji cha Mazingara, na uraia. Ukimsikiliza mmoja wao akisema Kizigua unashtuka. Kuna maneno niliyasikia kwa bibi yangu tu, nikadhani nimemzika nayo.

Lakini kule walikotoka walibakiza ndugu, na vita havikuisha. Kila upande wenye bunduki una gereza lake, na mtu anakamatwa njiani, hana kesi, hana siku ya kutoka. Lile shirika lilikuwa likikusanya maelezo ya ndugu zao ili itengenezwe orodha. Orodha ipelekwe na watu wazito wa nje mpaka kwa wakubwa wa magereza, na kila jina lidaiwe: huyu yuko wapi, mtoeni tumwone. Nilipoelezwa, machozi yalinitoka. Jamani! Kumbe huko duniani kuna watu wamekaa ofisini wanamuulizia mtoto wa mkulima wa Mazingara.

Aliyeongoza kazi alikuwa mwanasheria, Mzungu, mama wa makamo, mrefu, mwenye nywele za mvi alizozikata fupi. Alipenda mihogo ya kukaanga akainunua barabarani bila kuulizia mara mbili kama imeoshwa. Nilimpenda. Aliniketisha akanisomea masharti. Mkalimani haongezi neno, hapunguzi neno, hamsemei mtu. Anayehojiwa anaingia peke yake, hakuna ndugu, hakuna jirani, hakuna mwenyekiti wa kijiji. Akanieleza kwa nini: katika nchi za vita, anayekwenda kukuchongea ni huyo huyo jirani uliyekuja naye. Niliona ana akili. Nikaweka saini.

Mazingara tulipewa chumba kwenye ofisi ya kata. Siku ya pili akaingia mama mmoja, amenizidi miaka kumi hivi, kavaa kanga mbili zilizofuliwa mpaka zikakwisha rangi, na viatu vya plastiki vilivyojaa vumbi la njia nzima. Nikamwamkia, "Shikamoo dada." Akaitikia, "Marahaba mwalimu," maana habari zangu zilikwishamfikia. Jirani yake aliyekuja naye, mama mwenzake, akazuiwa mlangoni. Akakaa nje barazani.

Alisimulia vizuri kuliko watu wengi waliosoma. Alikuwa amekimbia na watoto wake wawili, wa kiume na wa kike. Binti akaolewa njiani, kambini, mumewe akamrudisha kule mtoni. Miaka ikapita, simu za binti zikakatika. Yule wa kiume, kifungua mimba wake, akasema mama, siwezi kula ugali hapa nimetulia na dada yangu sijui yuko hai au vipi. Akaenda kumtafuta. Hakufika. Alishushwa kwenye basi na watu wenye silaha, wakasema anatumwa na upande mwingine. Mtu aliyehonga akatoka ndiye aliyeleta habari kwamba yumo gerezani, mzima, anakohoa. Ndiyo hiyo tu aliyokuwa nayo yule mama, na ameikamatia miezi yote hiyo.

"Nataka mwanangu atoke," akasema. "Mengine yote nimeyaacha."

Nikatafsiri. Mwanasheria akaandika, akafika kwenye majina. Alitaka matatu, la mwenyewe, la baba yake, na la babu yake mzaa baba, kwa sababu daftari za kule ndivyo zinavyoandikwa. Na kabla sijamaliza kuligeuza swali lile kwa Kizigua, nikaona tumeingia kwenye mtego.

Nieleze. Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki, basi, hata umshike koo. Na mtoto wa kiume wa kwanza ndiye anayepewa jina la huyo babu. Kwa hiyo mama anamzaa mtoto, anamnyonyesha, anamlea mpaka anaota ndevu, na jina lake halisi halipiti mdomoni mwake hata siku moja. Anamtafutia jina jingine la kumwitia. Msidhani ni hadithi za zamani. Mimi mwenyewe nimeolewa na Msambaa wa Mpale, mkwe wangu alikwishafariki, na kifungua mimba wangu, lijitu lizima lenye watoto wake, namwita kwa jina nililolitunga mwenyewe. Siku aliponionyesha kitambulisho chake kipya nilisema kizuri, kizuri, huku natazama pembeni. Alinicheka sana.

Shuleni nililijua jambo hili vizuri. Wakati wa kuandikisha darasa la kwanza, mama anakuja na mtoto, unamuuliza huyu anaitwa nani, anainama, anauma upindo wa kanga, anakutajia jina la nyumbani. Humbishii, humuulizi mara ya pili. Unatoka nje unamwita jirani aliyekuja naye. Hebu nisaidie, mtoto huyu jina lake nani? Jirani anataja, unaandika, mnaendelea. Na akina mama wanajua, ndiyo maana hawaji peke yao. Miaka yote ile sikukosea jina la mtoto hata mmoja.

Yule mama akainama. Akauma upindo wa kanga. Akatupa jicho mlangoni, kule barazani alikokuwa mwenzake, aliyemleta kwa kazi hiyo hiyo. Kisha akataja jina la mwanawe, nami nikajua kwa namna alivyolitaja, kwa ule ulaini, kwamba ni la nyumbani. La mumewe akalisema kwa shida, lakini akalisema. Alipofika la babu, akataja jina jingine. Baadaye nilikuja kujua ni la mdogo wa babu.

Halafu akanitazama. Mimi, si yule Mzungu. Alinitazama kama mwenzake, mtu anayejua, ananiachia nimalizie mimi.

Na mimi nikatafsiri, neno kwa neno, sikuongeza, sikupunguza. Mwanasheria akaandika majina matatu, akafunika kalamu, akanigeukia akasema Kiingereza changu ni safi na ninafanya kazi kama mtu aliyesomea. Kichwa kikanivimba.

Msiniulize kama nilisahau. Sikusahau. Nilisema nitamwambia wakati wa chakula. Wakati wa chakula alikuwa kwenye simu. Jioni tukawa na watu wengine wanane barazani, na wote nao wana watoto wao. Usiku ule nikajituliza mwenyewe, nikasema picha yake wanayo, umri wake wanao, hawatashindwa kumjua. Na zaidi ya hapo, niseme ukweli wote, niliona haya. Ningeanzaje kumweleza mtu aliyesoma hivyo kwamba mama mzima hawezi kumtaja mwanawe? Niliogopa atatucheka. Au atasema mimi nimeanza kuongeza maneno. Siku zikapita, orodha ikaenda.

Yule mama akawa anakuja mjini siku za gulio. Anashuka kwenye bodaboda, ananiletea kunde au boga, anakaa, na swali ni lile lile.

"Wameuliza?"

"Wameuliza, dada. Barua imefika kule."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

Wallahi, nilimjibu hivyo. Naye akatikisa kichwa, akaridhika, kwa sababu alijua mwalimu ameshayamaliza yale. Akanieleza amekandika upya chumba cha uani. Amemwambia fundi amchongee kitanda kirefu, kwani mwanawe miguu mirefu, kitanda cha zamani kilimwacha nyayo nje. Akawa anacheka peke yake akieleza habari za hizo nyayo. Mimi nilikuwa namsindikiza mpaka stendi.

Kisha mwanasheria akanipigia simu, sauti imechangamka. Watu wa kwenye orodha wametolewa! Si wote, lakini wametolewa, na mmoja wao amefika Korogwe, anataka kutoa maelezo, je naweza kuja kesho? Nikavaa gauni la sikukuu. Njia nzima, kutoka Handeni mpaka tunaiona milima ya Usambara, nilikuwa naomba Mungu mtu huyo awe na miguu mirefu.

Hakuwa yeye. Alikuwa mwanamume mfupi, meno ya mbele hana, shati jipya limemning'inia mabegani. Tulikutana kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi kubwa, na nje wachuuzi walikuwa wanakimbiza mabasi na machungwa yao, kelele tupu. Akanipa shikamoo. Nikakaa katikati yao, yeye kulia na mwanasheria kushoto, na kazi ikaanza.

Mkalimani anasema "mimi" kwa niaba ya mtu. Yeye akisema nilipigwa, na wewe unasema nilipigwa. Nilikuwa nimezoea. Siku ile niliona ni adhabu aliyonitungia Mungu mwenyewe.

Alisema asubuhi moja walitolewa wote uani. Walikuwapo wageni watatu wa nje na makaratasi. Majina yakaanza kusomwa, na kila aliyesomwa akaenda kusimama ukutani penye kivuli, akapewa maji. Yeye aliitwa mapema. Lakini kabla hajaitwa alikuwa amesimama na mwenzake aliyelala naye mkeka mmoja, Mzigua mwenzake, mrefu, anayekohoa.

"Likasomwa jina, hakuna aliyetoka," akasema, na mimi nikasema. "Wakalirudia. Mwenzangu akanishika mkono akaninong'oneza, hilo ni mimi. Hilo ndilo mama yangu ananiitia. Nikamwambia kama ni wewe, nenda. Akainua mkono, akaenda mbele."

Mkuu wa gereza akafungua daftari. Kwenye daftari mtu huyu ana jina jingine, na babu yake jina jingine. Akaulizwa, jana ulikuwa fulani, leo umekuwa nani? Akajibu ni mama yangu, hawezi kulitaja jina langu, ni jina la mkwe wake. Askari wakaangua kicheko. Mmoja wa wageni akatazama karatasi yake, akatazama picha, na picha ilikuwa ya mtu mnene, kabla ya gereza. Akauliza kitu, akajibiwa kwamba wafungwa wengi leo watajitia ndio hao wanaotafutwa. Akatia alama kwenye karatasi. Yule mrefu hakurudishwa alikotoka. Alipelekwa upande wa pili wa uani, kwa wale walioandikwa wakorofi na waongo. Alasiri likaja lori likawachukua. Waliobaki wamejichanganya na watu, ambao hawakuitwa wala hawakuinua mkono, wapo mpaka leo, wengine wametolewa mmoja mmoja. Wa kwenye lori hakuna aliyewaona tena.

Nilisema yote hayo kwa Kiingereza, kwa "mimi," mpaka mwisho. Sijui sauti ilitoka wapi.

Mwanasheria akauliza jina la kwenye daftari lilikuwa lipi. Mwanamume akalitaja wazi, mara moja, kama anayemwita mtu sokoni. Lilikuwa jina la kutamka kwa pumzi mbili tu. Mwanasheria akaligeuza geuza kwenye karatasi, akalilinganisha na lile la orodha, akaelewa. Akaniinulia macho.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia nisiongeze neno."

Nilimjibu kwa hasira, nimemkazia macho, utadhani kosa ni lake peke yake. Pua yake ikawa nyekundu, akalia pale pale mezani juu ya makaratasi. Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilikuja kumwonea huruma ndani ya basi, wakati hainisaidii mimi wala yeye.

Kabla sijaondoka yule mwanamume akanisihi. Anajua mama wa mwenzake yuko Mazingara, lakini yeye hawezi kwenda. "Mama, nenda wewe. Mimi nikimtazama nitakufa." Nikakubali. Ningekataaje?

Sikwenda. Mwanasheria aliandika barua nyingine yenye majina sahihi, akaituma siku ile ile, na mimi nikasema ngoja jibu lije kwanza, nisimpasue mtu moyo bure, huenda akapatikana. Nikamkwepa siku mbili za gulio, nikajifungia ndani nikatuma watu waseme naumwa tumbo, nikamsikia akipiga hodi mlangoni kwangu, mwalimu, mwalimu, akaacha boga kizingitini akaenda zake. Mimi! Mtu wa umri wangu, nimejibanza nyuma ya pazia.

Jibu likaja. Mtu mwenye majina hayo hayumo katika kumbukumbu zao. Mstari mmoja na nusu. Muda si mrefu shirika nalo likafunga kazi yake huku, kwa sababu kuna vita vingine vimewaka nchi nyingine, wafadhili wamehamia huko. Niliwauliza, na hawa? Wakanijibu kwa upole mwingi kwamba faili halifungwi. Wakaniletea cheti cha shukrani chenye muhuri wa rangi, wameandika mchango wangu kwa haki za binadamu ni wa thamani. Nilikiwashia jiko la mkaa. Kilishika moto vizuri.

Nikaenda Mazingara. Nilimkuta uani kwake anapukuchua mahindi, akanifagilia mahali, akaniletea kigoda, akauliza tumbo langu limepona? Nikasema dada, mimi sikuwa mgonjwa. Nikamweleza yote kutoka mwanzo. Sikuficha neno. Habari za jina, za uani, za daftari, za lori, za barua. Nikamwambia nilijua pale pale alipoinama, nikanyamaza, nikaacha liandikwe lile la nyumbani.

Hakupiga kelele. Nilitamani apige, anitukane, anirushie gunzi la uso. Mikono yake iliendelea na mahindi muda mrefu.

"Nilikutazama, mwalimu," akasema.

"Niliona, dada."

"Nikajua umeshika."

Chumba cha uani mlango wake ulikuwa wazi, na kitanda kilikuwamo, bado hakijatandikwa. Nilitazama chini. Akaacha kupukuchua.

"Walipolisoma lile jina ninalomwitia mimi, yeye aliitika?"

"Aliitika, dada. Aliinua mkono akaenda mbele."

Akaanza kuokota punje zilizoanguka nje ya ungo, moja moja, mpaka zikaisha.

"Kumbe nilimwita mwenyewe," akasema. "Ningenyamaza, angebaki kwenye watu."